Mpaka na Tarakimu: Uhakiki wa Mbinu za Kupima Ujazo wa Maumbo Yaliyochorwa katika Picha za Vipande vya Mwili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mbinu zinazotumika kupata ujazo wa maumbo ya ndani ya mwili kutokana na mipaka iliyochorwa kwenye picha za vipande, hususani picha za CT na MRI. Mifano miwili imechunguzwa: bonge la damu iliyovujia ndani ya ubongo, na hipokampasi. Kwa kutumia kanuni ya Cavalieri kama msingi wa uhakiki, makala yanaonesha kwamba hesabu ya ujazo yenyewe ni nyepesi na imara, na kwamba udhaifu mkubwa umo katika uamuzi wa mahali pa kuchora mpaka. Aidha, makala yanabainisha kwamba fomula fupi ya ABC/2 hutoa matokeo yanayokubalika kwa kiasi fulani kwa sababu makosa yake hufidiana, na kwamba kigezo cha uhusiano wa kitakwimu kimetumika kuthibitisha jambo ambalo hakiwezi kulithibitisha peke yake. Inapendekezwa kwamba tarakimu ya ujazo isitolewe bila kutaja kanuni ya mpaka iliyotumika na kiasi cha tofauti kati ya wachoraji.

Dhana kuu: ujazo, mpaka, kipande, kosa la mwelekeo mmoja, upatanifu wa vipimo

1.0 Utangulizi

Katika biashara ya nafaka kwenye pwani ya Afrika Mashariki, vipimo vilivyozoeleka vilikuwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hesabu hiyo haikuwa na mgogoro. Mgogoro ulikuwa kwenye ukingo wa chombo. Kibaba cha mfuto kilisawazishwa hadi ukingoni. Kibaba cha tele kilijazwa hadi nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo. Anayeuza na anayenunua waliweza kutaja kibaba kilekile, lakini kilichoingia kapuni kisiwe kilekile. Ndiyo maana lugha ikahitaji majina mawili: haikutosha kusema ni vibaba vingapi bila kusema ukingo umehesabiwaje.

Tatizo la namna hiyo limo katika tiba ya leo, na linagusa uhai wa watu. Mgonjwa wa kiharusi cha kuvuja damu anapopigwa picha ya CT, mtaalamu huona bonge la damu katika vipande kadhaa vya picha. Huchora mpaka wake katika kila kipande, huhesabu eneo, kisha hujumlisha na kupata ujazo kwa mililita. Tarakimu hiyo huingia katika taarifa ya mgonjwa na kuathiri matarajio ya madaktari juu ya uwezekano wake wa kupona. Anayesoma taarifa huona, kwa mfano, mililita 27, lakini haoni ukingo umehesabiwaje.

Hoja ya makala haya ni kwamba tarakimu ya ujazo hubeba ndani yake uamuzi wa mchoraji, na kwamba maandishi mengi ya kitaalamu hukagua hesabu kwa makini kuliko yanavyokagua uamuzi huo. Uhakiki umeanza na kanuni ya hesabu, ukafuatiwa na suala la mpaka, kisha ukachunguza fomula ya ABC/2, upimaji wa hipokampasi na uchoraji wa mipaka kwa mashine.

2.0 Kanuni ya Hesabu na Uimara Wake

Msingi wa upimaji huu ni kanuni inayohusishwa na Bonaventura Cavalieri, mwanahisabati wa Italia aliyechapisha kazi yake kuu mwaka 1635. Kanuni hiyo inasema kwamba miili miwili ikikatwa kwa bapa sambamba, na katika kila kimo maeneo ya mikato yake yakawa sawa, basi ujazo wa miili hiyo ni sawa. Kutokana na kanuni hiyo, ujazo wa mwili wowote, hata uwe na umbo la ajabu kiasi gani, hukadiriwa kwa kujumlisha maeneo ya vipande vyake na kuzidisha jumla hiyo kwa umbali kati ya kipande na kipande. Hapahitajiki dhana yoyote kuhusu umbo. Hii ndiyo nguvu kubwa ya kanuni hiyo ikilinganishwa na fomula zinazochukulia kwamba kiungo ni tufe au kina umbo la yai.

Wazo la kupima kiini kwa kupima uso wa mkato lilistawi pia nje ya tiba. Mwaka 1847, mwanajiolojia wa Ufaransa, Delesse, alionesha kwamba uwiano wa maeneo ya madini kwenye uso wa jiwe lililokatwa huwakilisha uwiano wa ujazo wake ndani ya jiwe. Alichora mipaka ya madini, akaihamishia kwenye karatasi ya bati, akakata vipande na kuvipima uzito. Baadaye wanajiolojia, akiwemo Glagolev mwaka 1933, walirahisisha kazi hiyo kwa kuhesabu nukta: badala ya kuchora mzingo mzima, mpimaji huweka mtandao wa nukta juu ya kipande na kuhesabu zile zinazoangukia ndani ya umbo. Mbinu hiyo hutumika hadi leo katika picha za tiba.

Ili kuona jinsi hesabu inavyokwenda, uchukuliwe mfano wa kubuni wa bonge la damu linaloonekana katika vipande sita, umbali kati ya kipande na kipande ukiwa milimita 5. Maeneo yaliyochorwa ni sentimita za mraba 3.6, 8.8, 13.2, 13.9, 10.4 na 4.1. Jumla yake ni 54.0. Ikizidishwa kwa sentimita 0.5, ujazo ni sentimita za ujazo 27.0, yaani mililita 27. Hesabu yote haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi.

Kanuni hii ina masharti machache. Vipande viwe na nafasi sawa, na mahali pa mkato wa kwanza pasiteuliwe kwa kuufuata mwili wenyewe. Pia umbali unaozidishwa uwe ule wa kutoka kipande hadi kipande, si unene wa kipande. Sharti hili la mwisho huonekana dogo, lakini likisahauliwa hudhuru. Picha zenye vipande vya milimita 5 na mwanya wa milimita 1 kati yake zina nafasi ya milimita 6. Mpimaji akizidisha kwa 5, hupoteza takribani asilimia 17 ya ujazo. Hata hivyo, kosa la aina hii hugundulika na husahihishwa, kwa kuwa vipimo vyote viwili vimehifadhiwa katika jalada la picha.

Vilevile, idadi ya vipande si tatizo kubwa kama inavyodhaniwa. Kazi ya Gundersen na Jensen (1987) ilionesha namna ya kutabiri kosa linalotokana na kuchukua vipande vichache vyenye nafasi sawa, na ikabainika kwamba kosa hilo hupungua haraka kadiri vipande vinavyoongezeka. Kwa maumbo mengi, vipande kumi hivi hutosha. Kwa hiyo, upande wa hesabu umeimarika, na haustahili lawama. Ikiwa wapimaji wawili wamepata ujazo tofauti kwa mgonjwa mmoja, sababu itafutwe kwanza kwingineko.

3.0 Mpaka kama Chanzo cha Kosa

Kwingineko huko ni kwenye mstari. Picha ya kichwa ya CT yenye upana wa sentimita 25, iliyogawanywa katika pikseli 512 kwa upande, ina pikseli za karibu nusu milimita. Kipande kikiwa na unene wa milimita 5, kila vokseli ni mche mwembamba ambao kimo chake ni mara kumi ya upana wake. Vokseli iliyo ukingoni mwa bonge hubeba sehemu ya damu na sehemu ya ubongo, na mashine huipa thamani ya wastani. Kama damu mbichi ina takribani vizio 60 vya Hounsfield na ubongo takribani 35, vokseli yenye nusu kwa nusu itasoma karibu 47. Je, ihesabiwe kuwa ndani au nje? Picha yenyewe haijibu. Mpimaji ndiye anayejibu, na mara nyingi hujibu kwa jicho, huku mng'ao na mkolezo wa kioo cha kompyuta ukisogeza ukingo unaoonekana hata kama data haijabadilika.

Mbinu ya kuhesabu nukta haimwokoi mpimaji na swali hili. Mchoraji huulizwa mara moja mstari upite wapi. Anayehesabu nukta huulizwa nukta kwa nukta ipi imo na ipi haimo. Swali limegawanywa, halijaondolewa.

Uzito wa tatizo hutegemea ukubwa wa umbo. Tufe lenye kipenyo cha milimita 60 lina ujazo wa takribani mililita 113. Mpaka wake ukisogezwa nje kwa nusu milimita pande zote, ujazo huongezeka kwa asilimia 5. Tufe lenye kipenyo cha milimita 20 lina ujazo wa takribani mililita 4.2, msogeo uleule wa nusu milimita huongeza ujazo wake kwa karibu asilimia 16. Umbo likiwa dogo, jembamba au lenye mikunjo, uso wake huwa mkubwa kulinganisha na kiini chake, na hivyo kosa la ukingoni hupata nguvu.

Mfano wa bonge la mililita 27 unaonesha maana ya jambo hili kwa mgonjwa. Ikichukuliwa kwamba kila kipande kinakaribia umbo la duara, mchoraji anayependelea kupitisha mstari milimita 1 nje zaidi, yaani pikseli mbili hivi, atapata takribani mililita 30.2. Mwenzake anayependelea kuupitisha milimita 1 ndani zaidi atapata takribani mililita 24.0. Hakuna hata mmoja aliyekosea hesabu, na huenda hakuna hata mmoja atakayeonekana mzembe mbele ya jopo la wataalamu. Kati yao kuna tofauti ya mililita 6.2.

Hapa ndipo pa kutofautisha aina mbili za makosa. Kosa nasibu ni lile ambalo mkono hutoka nje kidogo katika kipande kimoja na kuingia ndani kidogo katika kingine. Makosa hayo hufutana vipande vinapojumlishwa. Kosa la mwelekeo mmoja halifutiki. Mchoraji mwenye desturi ya kwenda nje huenda nje katika kipande cha kwanza, cha pili na cha sita, na kujumlisha hulirundika kosa lake. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba hutumika kusifu subira, lakini katika upimaji huu haba zinazojaza kibaba zinaweza kuwa makosa. Kuongeza vipande, au kutumia mashine yenye vipande vyembamba zaidi, hakuponyi desturi ya mkono.

4.0 Uhakiki wa Fomula ya ABC/2

Kuchora mipaka huchukua muda, na mgonjwa anayevuja damu hana muda. Kothari na wenzake (1996) walitetea fomula fupi inayoweza kutumiwa kitandani pa mgonjwa kwa chini ya dakika moja. A ni kipenyo kirefu zaidi cha bonge katika kipande lilipo kubwa zaidi. B ni kipenyo kinachokikata A kwa pembe mraba katika kipande hichohicho. C ni kimo cha bonge, kinachopatikana kwa kuhesabu vipande na kuzidisha kwa unene. Zao la vipimo hivyo vitatu hugawanywa kwa mbili. Fomula imetokana na ujazo wa mwili wenye umbo la yai, ambao ni pai ikigawanywa kwa sita, mara A, mara B, mara C. Pai ikikadiriwa kuwa 3, hubaki nusu.

Faida ya fomula hii haikanushiki. Pale pasipo na programu ya kuchora mipaka, rula na filamu hutosha. Kwa hiyo, uhakiki wa haki hauwezi kuikataa kwa sababu tu ni kadirio. Swali ni kama inakadiria kile inachodai kukadiria.

Kukadiria pai kuwa 3 hupunguza ujazo kwa asilimia 4.5 tu. Jambo zito zaidi ni kanuni ya kuhesabu C. Waandishi hao walielekeza kwamba kipande ambacho eneo la damu ni zaidi ya asilimia 75 ya eneo katika kipande kikubwa zaidi kihesabiwe kuwa kimoja. Chenye kati ya asilimia 25 na 75 kihesabiwe nusu. Na kilicho chini ya asilimia 25 kisihesabiwe. Kanuni hiyo ikitumiwa kwa mwili kamili wa umbo la yai uliokatwa vipande vyembamba, nusu ya kati ya kimo chake hupata hesabu kamili, sehemu ya asilimia 37 hivi ya kimo hupata nusu, na ncha mbili hutupwa. C inayopatikana ni asilimia 68 ya kimo halisi. Ikiunganishwa na upungufu wa pai, fomula hutoa takribani asilimia 65 tu ya ujazo wa umbo lilelile ambalo fomula imejengwa juu yake.

Mfano wa awali unathibitisha hesabu hiyo. Kipande kikubwa kina sentimita za mraba 13.9, hivyo kikiwa duara kina kipenyo cha takribani sentimita 4.2, na A na B ni sawa. Vipande viwili tu vinavuka asilimia 75. Vinne vilivyobaki hupata nusu nusu. C ni vipande vinne, yaani sentimita 2.0, na ujazo ni takribani mililita 17.6, ilhali kuchora mipaka kulitoa 27. Kama kimo chote cha sentimita 3.0 kingetumika, fomula ingetoa takribani 26.5, karibu sana na 27. Zaidi ya hayo, kipande chenye sentimita za mraba 10.4 kiko chini kidogo tu ya kikomo cha 10.425. Kikionekana kuwa na 10.5, hupanda kutoka nusu hadi kimoja, na ujazo hupanda hadi takribani mililita 19.8. Tofauti ya jicho isiyofikia sehemu moja kwa mia ya eneo hilo imeruka na kuwa zaidi ya mililita 2.

Kwa nini basi fomula hiyo ilionekana kufanya kazi? Mabonge halisi ya damu si mayai kamili. Mengi yana mabonde na vidole, na hivyo hayajazi umbo la yai linalochorwa na A na B. Kwa mabonge hayo, kuzidisha vipenyo huongeza ujazo kupita kiasi, na kanuni ya kupunguza C huurudisha chini. Makosa mawili yanayokwenda kinyume hufidiana. Hili si jambo la aibu katika sayansi ya vitendo, ila ni lazima lisemwe, kwa sababu fidia ya namna hiyo inategemea aina ya mabonge na unene wa vipande katika kundi la wagonjwa lililochunguzwa. Kundi likibadilika, upande mmoja wa mizani unaweza kubaki bila wa pili.

Uthibitisho uliotolewa nao unahitaji kuhakikiwa. Kothari na wenzake waliripoti kwamba vipimo vya fomula vilihusiana kwa nguvu na vile vya kuchora mipaka kwa kompyuta, R mraba ikiwa 0.96. Miaka kumi kabla, Bland na Altman (1986) walikuwa wameonya dhidi ya kutumia uhusiano kama uthibitisho kwamba mbinu mbili zinapatana. Onyo lao ni rahisi: mbinu inayotoa nusu ya thamani halisi kwa kila mgonjwa ina uhusiano mkamilifu na mbinu sahihi, lakini haipatani nayo hata kwa mgonjwa mmoja. Isitoshe, wagonjwa wakiwa na mabonge ya mililita 3 na wengine ya mililita 100, karibu kila mbinu yenye akili kidogo itayapanga kwa mfuatano uleule. Uhusiano mkubwa husema kwamba mbinu inatofautisha bonge dogo na kubwa. Hausemi kama inatofautisha mililita 27 na 31.

Lakini tiba inauliza swali hilohilo la pili. Broderick na wenzake (1993) walionesha nguvu ya ujazo katika kutabiri kifo: wagonjwa wenye mililita 60 au zaidi na fahamu iliyoshuka sana walitabiriwa kufariki ndani ya siku 30 kwa asilimia 91, ilhali wenye chini ya mililita 30 na fahamu bora zaidi kwa asilimia 19. Hemphill na wenzake (2001) walijenga alama ya kutabiri kifo kuanzia 0 hadi 6, na ndani yake ujazo wa mililita 30 au zaidi huongeza alama moja. Mgonjwa wa mfano wetu, kwa wachoraji wawili waaminifu, ana alama hiyo kwa mmoja na hana kwa mwingine. Vivyo hivyo, tafiti nyingi huhesabu kwamba damu imeendelea kuvuja iwapo bonge limeongezeka kwa zaidi ya mililita 6 au asilimia 33 kati ya picha mbili. Picha ya kwanza ikichorwa na anayeingia ndani na ya pili na anayetoka nje, bonge ambalo halikukua hata tone moja litaongezeka kwa mililita 6.2, na familia itaambiwa kwamba damu bado inavuja.

5.0 Hipokampasi na Tatizo la Ufafanuzi

Katika bonge la damu, mpaka upo mwilini hata kama picha imeufifiza. Katika hipokampasi, suala huwa gumu zaidi, kwa kuwa wataalamu wenyewe wamehitilafiana kuhusu kipi kiitwe hipokampasi. Kiungo hiki cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu huwa na mililita chache tu kila upande, kimepinda, na mbele yake kimegusana na amigdala bila ukuta unaoonekana wazi katika picha nyingi za MRI. Mkia wake nao huishia taratibu. Mchoraji hulazimika kuamua pa kuanzia, pa kuishia, na tabaka zipi za nyuroni azijumuishe.

Konrad na wenzake (2009) walipopitia miongozo iliyochapishwa ya kuchora hipokampasi, walikuta 71. Miongozo hiyo iliweza kutoa ujazo unaotofautiana kwa zaidi ya mara mbili kwa watu wazima wenye afya. Tofauti hiyo haitokani na mikono mizembe. Kila mwongozo uliweza kufuatwa kwa uaminifu, na mchoraji akirudia kazi yake akapata karibu thamani ileile. Hapa unajitokeza udhaifu wa kigezo kinachotajwa sana, yaani uthabiti wa mchoraji. Anayepima kwa tele kila siku ni thabiti kama anayepima kwa mfuto kila siku.

Utafiti mashuhuri wa Maguire na wenzake (2000) juu ya madereva wa teksi wa London unafaa kusomwa kwa mwanga huu. Madereva 16 waliohifadhi kichwani ramani ya mitaa ya jiji hilo walionekana kuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi kubwa kuliko watu wa kulinganishwa nao, na sehemu ya mbele ndogo zaidi, huku ujazo wa jumla ukiwa hauna tofauti ya maana. Utafiti huo una funzo la kimbinu. Kwanza, tarakimu moja ya ujazo wa jumla ingeficha matokeo yote. Pili, waandishi walitumia njia mbili zisizotegemeana, moja ya kulinganisha ubongo mzima kwa kompyuta na nyingine ya kuhesabu pikseli kipande kwa kipande, na aliyehesabu hakujua ni picha ya nani. Kufichwa huko ndiko kunakozuia desturi ya mkono isielemee upande mmoja. Hata hivyo, pa kukata kati ya mbele, katikati na nyuma ni mpaka uliowekwa na watafiti; mwili haukuuchora. Matokeo yanasimama kwa sababu mpaka uleule uliwekwa kwa makundi yote mawili. Hayawezi kuchukuliwa na kulinganishwa moja kwa moja na mililita zilizopimwa kwingine kwa mpaka mwingine.

Jitihada za kusawazisha mpaka zimefanyika. Watafiti wa ugonjwa wa Alzheimer kutoka Ulaya na Marekani walichambua miongozo iliyotumika zaidi, wakaigawanya katika vipengele vidogo, wakavipigia kura kwa awamu hadi wakapata mwongozo wa pamoja uliochapishwa mwaka 2015. Thamani ya kazi hiyo ni kwamba ilikiri wazi asili ya tatizo: mpaka ulihitaji maafikiano, kama kibaba kilivyohitaji maafikiano sokoni.

6.0 Mpaka Unaochorwa na Mashine

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa kompyuta sasa huchora mipaka yenyewe. Dai hilo lina ukweli nusu. Programu haichoki, na ikipewa picha ileile hutoa mstari uleule. Lakini programu hizo hufunzwa kwa picha zilizochorwa na watu. Wachoraji wakiwa na desturi ya kwenda nje, mashine hujifunza kwenda nje, na huirudia desturi hiyo kwa maelfu ya wagonjwa bila kusita. Kosa lililokuwa la mtu mmoja linakuwa la mfumo.

Kigezo kinachotumika sana kuipima mashine ni kile cha Dice, kinachoonesha kiasi cha kupishana kwa maumbo mawili kati ya 0 na 1. Kigezo hicho ni bora kuliko kulinganisha ujazo peke yake, kwa sababu michoro miwili inaweza kuwa na mililita sawa huku ikiwa imefunika sehemu tofauti. Ila nacho hakielezi mwelekeo wa kosa: mchoro uliozidi na mchoro uliosogea pembeni unaweza kupata alama moja. Pia huyapendelea maumbo makubwa, kwa sababu ileile ya uso na kiini iliyoelezwa katika sehemu ya 3.0. Alama ya Dice isiyoambatana na wastani wa tofauti ya ujazo haimwelezi daktari iwapo mashine inaongeza au inapunguza.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, taarifa ya ujazo itaje kanuni ya mpaka: vokseli za ukingoni zimehesabiwaje, na vipande vya juu na vya chini kabisa vimejumuishwa au la. Pili, ujazo uambatane na kiasi cha tofauti kati ya wachoraji, kwa mililita. Tatu, mbinu mpya ilinganishwe na ya zamani kwa upatanifu, yaani wastani wa tofauti na upana wake, na si kwa uhusiano pekee. Nne, mgonjwa anayefuatiliwa kwa picha mbili achorwe na mtu yuleyule au kwa kanuni ileile, mchoraji akiwa hajui ipi ni ya kwanza, pale hali inaporuhusu.

Inaweza kupingwa kwamba katika chumba cha dharura maelezo hayo ni mzigo. Jibu ni kwamba mengi yake huandaliwa mara moja kwa idara nzima, si kwa kila mgonjwa. Idara inayojua kwamba wachoraji wake hutofautiana kwa mililita 3 itaisoma mililita 27 kama thamani iliyo jirani na 30, na haitaichukulia kama iliyo salama chini ya kikomo. Maarifa hayo hayaongezi hata dakika moja kwenye matibabu.

Kanuni ya Cavalieri imedumu kwa karibu miaka 400 kwa sababu haidai kujua umbo la mwili. Inaomba maeneo tu. Yule anayeipatia maeneo hayo ndiye anayebeba dhamana, na tarakimu inayotoka haiwezi kuwa sahihi kuliko mstari ulioingia. Mgonjwa hana nafasi ya kuuliza mstari wake umepitishwa wapi. Ni wajibu wa anayepima kusema kabla hajaulizwa.